Gunia Dirishani kwa Bi Rehema

Utotoni mwangu, pale Kangemi, moshi ulikuwa na akili. Ulijua watu. Mkikaa wanne kuzunguka jiko, uliwaacha watatu ukamwendea mmoja, na huyo mmoja akihama ulimfuata huko huko. Wakubwa walisema anayefuatwa na moshi ana nyota: atapendwa, ataolewa pazuri, chakula hakitamkimbia. Mimi moshi haukunitaka. Nilikaa mbele ya jiko macho makavu kama ya mjusi, na nikiwa na miaka tisa tu nilishajua kwamba maisha yangu yameharibika.

Aliyependwa na moshi alikuwa Ndunge.

Ndunge alikuwa binti ya mama mkubwa, dada yake mama yangu. Mama mkubwa alipofariki huko Machakos, Ndunge aliletwa kwetu na kisanduku cha mbao, na kila alipocheka mashavu yake yalifanya vishimo. Alinizidi mwaka mmoja. Kabla hajaja nilikuwa binti pekee katika nyumba ile, na nilidhani hicho ni cheo cha kudumu. Mama alikuwa akifua nguo za Wazungu huko Loresho, na jioni moja alirudi na gauni alilopewa, la maua ya samawati. Alinivika mimi kwanza. Likagoma mabegani. Akamvika Ndunge, likamkaa kana kwamba fundi alimpima akiwa amelala.

"Si mnaona!" mama akasema, akimzungusha. Hakuna aliyeona kwamba mimi nimebaki na shimizi katikati ya chumba.

Siandiki haya ili mnihurumie. Watoto wengi wamepitia makubwa kuliko gauni. Naandika ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani, kwa sababu wenye wivu hawapendi kujisema, wanasemwa tu.

Ng'ambo ya ua wetu aliishi Bi Rehema, mama wa Kiswahili kutoka Mombasa. Mumewe alikuwa karani mjini. Bi Rehema alikaanga mahamri, na kila alfajiri mumewe aliondoka na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, akakiacha kwenye mkahawa mmoja karibu na msikiti kabla ya kwenda ofisini. Mahamri yale yalikuwa na tui na iliki. Sisi watoto wa Kikamba, tuliozoea isio ya mahindi na maharagwe, tulikuwa tukisimama uani tukivuta hewa kwa pua mpaka mtu atufukuze.

Alikodi chumba cha pili kwa kukaangia. Kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja lisilo na kioo, ukubwa wa sinia. Jiko lake lilikuwa debe. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia unga wa mbao pembeni kwa ngumi mpaka ukaze, halafu unachomoa chupa polepole na kuacha tundu, na chini unachokoa mlango wa kuingizia kijiti chenye moto. Unga wa mbao ulitoka kwa maseremala bure. Ulishika moto mchana kutwa bila kuongezwa. Na ulitoa moshi, jamani! Mzito, wa kijivu, wenye uchungu wa rangi na gundi ya mbao.

Siku Bi Rehema alipotaka msichana wa kumsaidia, alituita mimi na Ndunge pamoja. Akatukalisha pande mbili za jiko, kisha akasimama mikono kiunoni, akingoja. Moshi ukapanda, ukasitasita kidogo kama mtu anayesoma majina, ukamwendea Ndunge. Akakohoa, akacheka, vishimo vikatokea.

"Huyu," Bi Rehema akasema. "Huyu ana nyota. Mkono wake utanitilia baraka."

"Na mimi, Bi Rehema?"

"Wewe utateka maji, mwanangu. Maji nayo yana thawabu."

Nimeteka maji tangu siku ile na thawabu bado sijaiona. Na leo najua kilichotokea, wala hakihitaji nyota. Mimi nilikaa upande wa mlango, Ndunge akakaa upande wa ukuta. Upepo uliingia kwa mlango ukausukuma moshi ukutani. Basi. Angewekwa yeye upande wa mlango, leo angekuwa anaandika yeye, na mimi ndiye ningekuwa nalala nimeegemezwa mito mitatu nisikose pumzi.

Lakini wakati ule nilichokiona ni kwamba mwenzangu ameitwa ndani na mimi nimebaki nje na ndoo. Ndunge alikalia mbuzi, akakuna nazi. Alionjeshwa hamri la kwanza la kila karai. Alipewa leso kuukuu ya Bi Rehema, akaambiwa habari za Mombasa, za maharusi na ngoma na watu wanaoogea maji ya mawaridi. Akaanza hata kusema "ati" na "mie" kama wao. Tulilala kitanda kimoja, na nywele zake zilinuka iliki na moshi. Nilikuwa nazinusa kwa hasira mpaka usingizi unichukue.

Siku moja nilijipaka kitunguu machoni. Niliingia nyumbani nikilia, macho mekundu, nikakaa mahali pa kuonekana.

"Nani amekupiga?" mama akauliza.

"Moshi."

"Moshi gani, na wewe kazi yako ni ndoo?" Akaninusa. "Syombua! Hiyo kitunguu ilikuwa ya mboga ya leo!"

Ndunge alicheka mpaka akakohoa. Nilimwombea mabaya wakati huo huo, kwa maneno kamili, kwa Kikamba, lugha ambayo niliamini Mungu anaisikia haraka zaidi.

Nikaanza kuchungulia. Niligeuza ndoo nyuma ya chumba cha Bi Rehema, nikapanda juu yake, nikatia pua kwenye lile dirisha. Niliona vidole vya Ndunge vikikata donge. Niliona unga uliokandwa ukilala chini ya kitambaa kama mtoto. Nilijua kabisa ni mwiko. Bi Rehema alikuwa amesema mara nyingi, unga wenye hamira haukodolewi macho. Jicho la husuda likiupata hauumuki, unalala kama maiti. Mama yangu, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, hakubishana naye. Kwetu Ukambani pia jicho lilijulikana. Lilikausha maziwa ya ng'ombe, likachelewesha watoto kutembea. Katika mambo mengi hawa wawili hawakuelewana, hata jinsi ya kufagia ua, lakini kwa jicho walikuwa dini moja.

Basi ikafika Julai, ile Julai ya Kangemi ambayo jua linasahau njia. Asubuhi moja unga haukuumuka. Bi Rehema alikaanga hivyo hivyo akitumaini, na mahamri yakatoka bapa, magumu, ukiyagonga mezani yanaitika. Mumewe alirudi jioni na kikapu chake kimejaa kama alivyoondoka nacho.

Kesho yake niliteka maji kama kawaida. Nilipofika na ndoo, mlango ulikuwa umefungwa. Dirishani palipigiliwa gunia, misumari kila pembe, na ndani ya gunia kulikuwa na gunia jingine. Nikabisha. Bi Rehema akatoa kichwa, moshi ukamtoka nyuma kama mtu anayechungulia kutoka kwenye tanuri.

"Acha ndoo kizingitini. Usiingie."

"Nimefanya nini?"

"Sijasema umefanya kitu, mwanangu. Mwenye jicho na akae nje, na asiye na jicho hata akikaa nje hadhuriki."

Hakunitaja jina. Hakuhitaji. Ua mzima ulijua aliyekuwa akipanda ndoo.

Tangu siku hiyo walikaanga hivyo, mlango umefungwa, dirisha limezibwa, pazia limeshushwa. Walipofungua kutoa sinia walitoka wakifuta macho, wakicheka pamoja kama watu waliotoka safari. Mimi uani, na hewa yangu safi, nilikuwa nasagika kwa wivu. Nilikuwa tayari kutoa jino ili nifungiwe mle.

Haukupita mwaka Ndunge akaanza kukohoa asubuhi. Kwanza kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Halafu kikawa kikohozi kinachomkunja kiuno. Kifua chake kililia usiku kama paka aliyefungiwa kabatini. Akina mama wa uani walimletea tangawizi, wakaleta mafuta ya taa ya kumsugulia mgongo, na walipomaliza kusugua walinitazama mimi. Hakuna aliyetazama gunia.

Jumamosi moja mama aliniita. Ndunge alikuwa kitandani, amefungwa leso ya Bi Rehema, leso mpya sasa, anakula yai la kuchemsha. Yai zima, peke yake. Bi Rehema alikaa miguuni pake. Kwetu, mtu akishukiwa jicho hapigwi. Anaombwa amtemee mate aliyedhurika, mate yaondoe kilichotupwa na macho.

"Syombua," mama akasema bila kunitazama, "mimi sisemi ni wewe."

"Basi?"

"Sisemi ni wewe. Nasema tu mtemee mate. Hapa kifuani. Na utoe kwa roho safi."

Ndunge akafungua leso kifuani. Mbavu zilikuwa zikienda juu na chini kama za kuku aliyekimbizwa. Niliinama. Mate yalikuwa tele mdomoni, yai lilihakikisha hilo. Na hapo nikaona vizuri: kama mate yangu yatamponya, basi mwenye jicho ni mimi kweli; na yeye ataamka arudi ndani kwa tui na iliki, na mimi nirudi kwa ndoo. Nikayameza. Nikafanya sauti tu: ptuu!

"Amina," mama akasema.

"Amina," akasema Bi Rehema.

Ndunge alishika kifua chake kikavu, akanitazama.

Alikaa kitandani majuma matatu bila kukaribia jiko, na kikohozi kikatulia. Walinisifu. Mama alinichemshia yai langu, na lilinikwama kooni, kwa maana ni mimi tu niliyejua sikutema. Halafu Ndunge akarudi kwenye chumba cha gunia, na kabla mwezi haujaisha kikohozi kikarudi naye. Hapo wakasema nilitema bila roho safi. Hakuna aliyesema: alipokaa mbali na moshi alipona, alipourudia akaugua. Lilikuwa mbele yetu wazi kama sahani, na sisi tulikuwa tunatafuta macho ya mtoto. Mimi mwenyewe nilisadiki. Mtoto akiambiwa ana jicho na watu wazima wote, na moyoni anajua alichomwombea mwenzake, atabishia wapi?

Miaka ilikwenda. Mimi shule iliniacha darasa la tatu, nikaolewa na fundi wa baiskeli, nikazaa sita. Bi Rehema na mumewe walirudi Mombasa katikati ya miaka ya sabini, na karai lile kubwa alimwachia Ndunge. Ndunge akaendeleza kazi hapo hapo Kangemi miaka na miaka, akaacha unga wa mbao akaenda kuni, akaacha kuni akaenda makaa, lakini dirisha la jikoni kwake hakuwahi kulifungua. Alifundishwa hivyo. Unga haukodolewi macho. Alijenga nyumba ya mawe yenye geti la chuma, na nilikuwa nikipita pale nikitazama upande mwingine wa barabara.

Kisha pumzi ikaanza kumtoka. Kwanza ule mwinuko wa kutoka sokoni. Halafu kutandika kitanda. Halafu kuongea: alianza sentensi, akapumzika katikati yake kama mtu aliyebeba mzigo, akaimalizia. Walimpima kifua kikuu mara tatu, hakikuonekana. Watu wa kanisa wakamwombea. Wengine wakasema katupiwa. Nami nilikaa nao kwenye maombi, nikainamisha kichwa chini kuliko wote.

Mwaka uliopita binti yake alisafiri, akaniomba nimsindikize mama yake zahanati, kule kuelekea Uthiru. Tulikaa kwenye mabenchi. Kabla ya kuanza kutibu, muuguzi mmoja kijana alisimama mbele yetu akatufundisha habari za mapafu. Alisema kuna ugonjwa wa kifua usioambukizwa, usiotokana na uchawi, unaokuja polepole miaka mingi. Sigara ndiyo inayoongoza, lakini moshi wa jikoni pia, na vumbi la machimbo ya mawe, na moshi wa viwandani. Mirija ya pumzi inavimba, inabanwa, na ikishaharibika hairudi kuwa mpya, ila dawa ipo ya kuifungua na ukiuacha moshi haiharibiki mbio. Kikohozi kisichoisha, akasema, msikizoee; njooni kabla pumzi haijaisha. Mzee mmoja mbele yetu alifunika mfuko wa shati kwa kiganja. Sote tuliona pakiti.

Ndunge alipulizishwa kwenye kifaa chenye bomba. Akapuliza mara tatu, jasho likamtoka.

"Shosho, umewahi kuvuta sigara?" muuguzi akauliza.

Ndunge akacheka. "Sigara... mimi? Mimi... nilikaanga mahamri."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa... mtoto wa miaka kumi."

"Ndani? Na dirisha lilikuwa wazi?"

Ndunge akatikisa kichwa. Mimi pia. Muuguzi akaandika kitu, akasema, "Ni moshi, shosho. Leo ukifika nyumbani hilo dirisha lifunguliwe. Na kukaanga mwachie mtu mwingine, akakaangie nje."

Mngedhani nilifurahi. Miaka zaidi ya hamsini nimebeba kifua cha mtu, leo mtoto wa kuzaliwa juzi ananiambia si mimi, ni moshi. Lakini mimi si mjinga hivyo. Moshi ulifungiwa na gunia. Gunia lilipigiliwa kwa sababu ya jicho. Na jicho lilikuwa la nani?

Tulikaa kwenye ukingo wa saruji nje ya geti, akipumzika, dawa yake ya kuvuta imo mkononi bado kwenye kiboksi. Nikaona nisipolisema hapo nitazikwa nalo.

"Ndunge. Lile gunia la Bi Rehema liliwekwa kwa ajili yangu."

"Najua."

"Na siku ile ya mate, sikutema."

"Najua. Nilingoja... kulowa. Sikulowa." Akacheka kidogo, akakamata kifua. "Uliyameza... kama uji."

Nikatazama barabara. Yeye akaendelea, polepole, akipumzika kila mahali.

"Ile siku unga ulilala... wewe hukuwa dirishani."

"Nilikuwa kila siku."

"Siku hiyo hukuwa. Ulikuwa na homa... mama alikulaza. Ni mimi nilisahau kuufunika, Julai ile. Baridi ikaupiga. Bi Rehema akauliza, nani ameuona unga wangu? Nikasema Syombua. Nikasema nimeona... macho yako." Akafuta mdomo kwa pembe ya leso. "Akaleta gunia. Mimi ndiye... nilimshikia akipigilia."

Nilimgeukia. Kama si ule muguno wa kifua chake ningempiga kofi pale pale, mbele ya wagonjwa.

"Kwa nini, wewe mwanamke?"

"Wewe ulikuwa na mama, Syombua. Mimi nilikuwa na... kile kibao cha mbuzi tu. Ulivyokuwa ukichungulia... nilijua utanichukulia na hicho."

Kibao cha kukunia nazi. Ndani ya chumba cha moshi. Tulikigombea wasichana wawili kama kiti cha enzi. Mmoja akampikia mwenzake uongo, mwingine akamnyima mate, na watu wazima wakatusaidia kwa misumari. Hakuna aliyetaka mwenzake afe. Kila mmoja alitaka tu asizidiwe.

Sikumwambia nimekusamehe, wala yeye hakuniambia. Sisi hatukulelewa na maneno hayo. Nilimfungulia kile kiboksi, nikamsomea herufi moja moja namna ya kuvuta dawa, akavuta vibaya, nikamtukana, akavuta vizuri. Tukakaa mpaka rangi ikamrudia midomoni.

Nimelifikiria sana tangu hapo. Maisha yangu yote niliamini kwamba katika ua ule mwenye jicho alikuwa mmoja, na ni mimi. Niliogopa, nikaona aibu, nikainama kanisani. Lakini jicho lilikuwa langu. Kati ya vitu vyote Ndunge alivyopata, hicho kimoja hakuwa nacho. Na sasa nimegundua alikuwa nacho pia, tena amenitangulia kukitumia. Binti yangu ananiuliza kama moyo wangu umetua. Namwambia umetua. Ukweli ni kwamba siku ile kwenye ukingo wa saruji, kabla ya huruma, kabla ya hasira, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa kile kile cha gauni la samawati: hata hili, amenipokonya.